Swichi ya mtandao: ipi inafaa ofisi ya chama, shule au kituo cha afya?

Chama cha msingi kinapotaka kununua mzani, kila mwanachama ana la kusema, kwa sababu mzani kila mmoja anaujua. Kinapotaka kununua vifaa vya mtandao wa kompyuta, mkutano unanyamaza. Fundi anataja kifaa, anataja bei, mwenyekiti anauliza kama kuna swali, hakuna swali, hundi inasainiwa. Miezi michache baadaye kamera za ghala zinazima kila jioni, au kompyuta ya mhasibu inakwama siku ya kulipa wakulima, na hakuna anayejua aanze kuuliza wapi.

Makala hii inahusu kifaa kimoja tu kati ya hivyo, nacho ni swichi. Tumeiandika kwa ajili ya wajumbe wa bodi za AMCOS na SACCOS, bodi za shule na kamati za vituo vya afya. Wengi wenu si mafundi, lakini ninyi ndio mnaoidhinisha fedha. Huhitaji kujua namna ya kuifunga. Unahitaji kujua cha kuuliza kabla haijanunuliwa.

Swichi ni nini hasa

Neno lenyewe linachanganya. Hatuzungumzii swichi ya taa ya ukutani. Swichi ya mtandao ni kisanduku chenye matundu mengi yanayofanana, ambayo mafundi huyaita poti. Kila tundu huchomekwa waya mmoja unaotoka kwenye kompyuta, printa, kamera au kifaa cha Wi-Fi. Kazi ya swichi ni kupokea ujumbe kwenye tundu moja na kuutoa kwenye tundu la anayehusika peke yake, kama karani wa posta anayejua sanduku la kila mtu. Kila kifaa cha mtandao kina namba yake ya utambulisho iliyowekwa kiwandani. Swichi hujifunza yenyewe namba ipi iko kwenye tundu lipi, punde tu vifaa vinapoanza kuwasiliana.

Kabla ya swichi vilikuwepo visanduku vilivyoitwa habu. Habu ilirusha kila ujumbe kwenye matundu yote, kama mpiga mbiu anayetangaza barua ya mtu mmoja kijiji kizima. Swichi ya kwanza ya aina hii ilitolewa mwaka 1990 na kampuni ya Kalpana ya California, Marekani, ikiwa na matundu 7, na mwaka 1994 kampuni hiyo ikanunuliwa na Cisco. Leo habu ni ya makumbusho. Mtu akikuletea kwa bei ya kutupa, mwache nayo.

Usichanganye swichi na ruta. Ruta ndiyo inayoiunganisha ofisi yenu na intaneti ya kampuni ya simu. Ruta ndogo nyingi zina matundu 4 kwa nyuma, na matundu hayo ni swichi ndogo iliyojengewa ndani. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa si "tununue swichi gani", bali "je, tunahitaji swichi?" Ofisi yenye kompyuta mbili na printa moja haihitaji. Matundu ya ruta yanatosha na moja linabaki.

Na jambo jingine lisemwe mapema, kwa sababu huuzwa sana kama sababu ya kununua: swichi haiongezi kasi ya intaneti. Kama kifurushi chenu kinatoa megabiti 10 kwa sekunde, hakuna swichi duniani itakayozifanya 20. Swichi nzuri inaharakisha kinachopita ndani ya jengo, kama vile picha za kamera kwenda kwenye mashine ya kurekodi, mafaili kutoka kompyuta hadi kompyuta, na mfumo wa wagonjwa ulio kwenye seva ya kituo chenyewe.

Hesabu ya matundu na kasi

Hesabuni kila kitu kitakachochomekwa leo. Ongezeni tundu moja la waya unaokwenda kwenye ruta. Kisha ongezeni robo hadi theluthi kwa ajili ya kesho. Swichi huuzwa zaidi kwa matundu 5, 8, 16, 24 na 48. Ofisi yenye vifaa 7 haifai kununua ya 8, kwa sababu itajaa siku ileile ya kufungwa. Wengine husema tutanunua mbili za 8 tupate 16. Hamtapata 16, mtapata 14, kwa kuwa tundu moja kila upande linaliwa na waya wa kuziunganisha.

Kuhusu kasi, tazameni maandishi ya boksi. Iliyoandikwa 10/100 inaishia megabiti 100 kwa sekunde. Iliyoandikwa 10/100/1000 inafika megabiti 1000, na hiyo ndiyo huitwa gigabiti. Kamera moja ya kawaida hutuma megabiti kama 4, kwa hiyo kamera nane ni 32 hivi, na hata swichi ya 100 ingezibeba. Lakini waya unaobeba mizigo ya wote kwenda kwenye seva au mashine ya kurekodi ndio unaosongwa, na tofauti ya bei kati ya aina hizi mbili kwa swichi ndogo siku hizi ni ndogo. Sisi tungechukua ya gigabiti na kuendelea na mambo mengine.

Ya kuchomeka tu, ya kati, au ya kusimamiwa

Hapa ndipo bei zinapoachana, na ndipo watu wanapouziwa wasichokihitaji au kunyimwa wanachokihitaji.

Swichi ya kuchomeka tu haina mipangilio. Unaitoa kwenye boksi, unaiwasha, inafanya kazi. Haina nywila, haina ukurasa wa kufungua, na ikifa unaweza kununua nyingine mjini na kuibadilisha mwenyewe. Kwa ofisi ya AMCOS yenye kompyuta tatu nne ambako watumiaji wote ni watumishi wa ofisi, hii ndiyo sahihi, na mjumbe asione haya kusema hivyo mbele ya fundi anayesifia kubwa zaidi.

Swichi ya kusimamiwa ina ukurasa wake ambao fundi huufungua kwa kompyuta na kupanga kila tundu. Anaweza kuona tundu gani linapitisha mzigo mkubwa, kulifunga tundu lisilotumika, na kubwa kuliko yote, kuigawa swichi moja iwe kama swichi kadhaa zisizoonana. Mgawanyo huo mafundi huuita VLAN.

Kati ya hizo mbili kuna swichi ya kati, yenye ukurasa mwepesi wa mipangilio na mgawanyo uleule, lakini bila yale mengi yanayohitaji mtaalamu. Bei yake iko jirani zaidi na ya kuchomeka tu kuliko ya kusimamiwa. Kwa shule na vituo vya afya vingi vya vijijini, hii ndiyo tunayodhani inafaa.

Mgawanyo una maana gani kwa mtu wa kawaida? Chukua kituo cha afya chenye mapokezi, maabara, dirisha la dawa na dirisha la malipo, vyote vikitumia kompyuta. Kituo kimeamua kuweka Wi-Fi kwa wagonjwa wanaosubiri. Bila mgawanyo, simu ya mtu aliyeketi kwenye benchi iko kwenye mtandao mmoja na kompyuta yenye majibu ya maabara, na mtu mwenye ujuzi kidogo na nia mbaya anaweza kuanza kuigongea. Kukiwa na mgawanyo, simu hiyo inaona intaneti tu, na kompyuta ile kwake haipo. Shuleni ni hivyohivyo: chumba cha kompyuta cha wanafunzi kisikutane na kompyuta yenye mitihani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti katika sheria zote mbili. Anayezitunza ndiye anayebeba wajibu wa kuzilinda, hata kama swichi ilichaguliwa na fundi.

Ila angalieni kwamba mgawanyo unaanzia na kuishia kwenye vifaa vyote. Ruta na kifaa cha Wi-Fi navyo lazima viuelewe. Swichi ya kusimamiwa iliyounganishwa na ruta ya bei ya chini isiyojua VLAN ni fedha iliyokaa bure.

Kuna pia swichi kubwa zaidi zinazofanya sehemu ya kazi ya ruta zenyewe. Hizo ni za vyuo vikuu, hospitali za mikoa na makampuni yenye majengo mengi. Zikitajwa kwenye makadirio ya shule ya kata, ombeni maelezo kwa maandishi.

Kitanzi: waya mmoja unaozima ofisi nzima

Hili tunalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloziangusha ofisi nyingi bila mtu kujua, na kwa sababu mkosaji karibu kila mara ni mtu mwenye nia njema.

Mfanya usafi anaona waya umelala sakafuni. Upande mmoja umeshachomekwa kwenye swichi. Anaona tundu tupu, anachomeka upande wa pili. Sasa waya umetoka kwenye swichi na kurudi kwenye swichi ileile. Ujumbe mmoja wa kwenda kwa wote ukiingia humo unazunguka, unazaa nakala, nakala zinazaa nakala, na ndani ya sekunde chache swichi haina nafasi ya kupitisha kingine. Taa zote ndogo zinapepesa kwa kasi kwa pamoja, kompyuta zote zinakosa mtandao, na watu wanapiga simu kampuni ya intaneti kulalamika. Dawa ni kuchomoa waya mmoja mmoja mpaka taa zitulie.

Kinga ya tatizo hili ilibuniwa mwaka 1985 na Mmarekani Radia Perlman alipokuwa katika kampuni ya Digital Equipment. Utaratibu wake huzifanya swichi zizungumze zenyewe, zigundue kitanzi na kuufunga mlango mmoja. Swichi za kusimamiwa zinao, nyingi za kati zina huo au kinga nyingine ya kitanzi, na baadhi ya zile za kuchomeka tu zina kinga rahisi. Nyingine nyingi za kuchomeka tu hazina kinga yoyote. Liulizeni hili kwa jina: je, swichi hii ina kinga ya kitanzi? Kwa shule yenye chumba cha kompyuta ambacho wanafunzi 40 wanaingia na kutoka, tusingenunua isiyo nayo.

Hata hivyo kinga hiyo ina mpaka. Mnamo Novemba 2002 hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston, Marekani, moja ya hospitali kubwa za kufundishia nchini humo, ilipoteza mtandao wake kwa takribani siku nne. Vifaa vyake vilikuwa vya hali ya juu. Tatizo lilikuwa umbo. Mtandao ulikuwa umekua kwa miaka kipande juu ya kipande, swichi ikiunganishwa nyuma ya swichi nyingine, mpaka mnyororo ukapita urefu ambao utaratibu wa kuzuia vitanzi uliweza kuusimamia. Mzigo mkubwa wa data ulipoingia, mfumo ukazidiwa. Madaktari walirudi kwenye karatasi, na majibu ya maabara yakawa yanabebwa kwa miguu. Mkuu wao wa teknolojia, John Halamka, aliamua kulieleza tukio hilo hadharani ili hospitali nyingine zijifunze.

Zahanati yenu haitafika ukubwa huo, lakini tabia ya kuongeza kipande juu ya kipande ipo kila mahali: swichi ndogo chini ya meza, nyuma yake nyingine, nyuma yake nyingine. Mwambieni fundi awe na swichi moja ya kati, na nyaya zote, au swichi ndogo zote, zirudi kwake moja kwa moja, kama mitaro inayokutana kwenye mfereji mkuu.

Umeme unaopita kwenye waya wa mtandao

Kamera za ulinzi na vifaa vya Wi-Fi vya darini vinaweza kupata umeme wao kupitia waya uleule wa mtandao, bila soketi karibu. Swichi inayotoa umeme huo huitwa ya PoE. Inapendeza sana kwenye ghala au bweni ambako hakuna nyaya za umeme juu. Lakini hapa hesabu ni lazima.

Viwango ni vitatu. Cha mwaka 2003 hutoa hadi wati 15.4 kwa tundu, cha 2009 wati 30, na cha 2018 kinafika wati 90. Hizo ni za tundu moja. Kuna namba ya pili ambayo wauzaji wengi hawaitaji: jumla ya wati ambazo swichi nzima inaweza kutoa kwa wakati mmoja. Swichi ya matundu 8 yenye jumla ya wati 60 haiwezi kutoa wati 15 kwenye kila tundu.

Tufanye hesabu ya mfano. Mna kamera 5, kila moja inakula wati 5 mchana. Usiku taa zake za kuonea gizani zinawaka na inakula 9. Mna vifaa 2 vya Wi-Fi vya wati 10 kila kimoja. Mchana jumla ni 25 na 20, yaani wati 45, na kila kitu kinafanya kazi mbele ya fundi. Usiku jumla ni 45 na 20, yaani wati 65. Swichi inazidiwa na kuzima baadhi ya matundu, saa ileile ambayo kamera zinahitajika. Hilo ndilo linaloitwa "kamera mbovu" katika maghala mengi. Tumieni wati za juu kabisa zilizoandikwa kwenye kila kifaa, jumlisheni, kisha nunueni swichi yenye angalau robo zaidi ya jumla hiyo.

Tahadhari moja: kuna vifaa vinavyosukuma umeme kwenye waya bila kwanza kuuliza kama kifaa cha upande wa pili kinauhitaji. Vile vya viwango vitatu tulivyovitaja huuliza kwanza. Ukichomeka kompyuta kwenye kile kisichouliza, unaweza kuiunguza. Msichanganye aina hizi mbili kwenye jengo moja bila fundi kuweka alama za wazi.

Majengo mawili, radi na sola

Waya wa shaba wa mtandao umepangiwa mita 100. Zaidi ya hapo mawasiliano yanakatikakatika au yanakufa kabisa. Lakini hata ndani ya mita 100, waya wa shaba unaopita nje kati ya majengo ni njia ya radi. Radi haihitaji kupiga ofisi yenyewe. Ikipiga karibu tu, msukumo wa umeme unaingia kwenye waya na kuunguza swichi na kila kilichochomekwa. Kwa shule yenye ofisi upande mmoja na maktaba upande wa pili wa kiwanja, tumieni faiba kati ya majengo. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Swichi inatakiwa iwe na tundu maalumu la faiba, kwa hiyo hili liamuliwe kabla ya kununua, maana swichi nyingi ndogo hazina. Na waya wa erthi wa jengo ukaguliwe. Swichi si kinga ya radi.

Kwa wanaotumia sola, swichi inakula umeme saa 24. Ndogo ya matundu 8 isiyo ya PoE hula wati kama 5, sawa na wati-saa 120 kwa siku. Kubwa ya kusimamiwa inayokula wati 25 inamaliza wati-saa 600. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1200, na ya asidi haifai kuishushwa chini ya nusu, kwa hiyo swichi hiyo moja inaimaliza sehemu yote inayotumika kabla hamjawasha hata balbu. PoE iongezwe juu ya hapo.

Kwa sababu hiyohiyo tuna mashaka na swichi za mtumba zinazotoka kwenye ofisi za Ulaya. Ni imara, ni za majina makubwa, na bei inavutia. Lakini nyingi zina feni zinazovuta vumbi na kupiga kelele, zinakula umeme mwingi, na mtengenezaji ameshaacha kutoa masasisho ya usalama. Kwa ofisi yenye vumbi, isiyo na feni ni bora, ikiwekwa ukutani kwenye kabati lenye matundu ya hewa, juu ya kimo cha ndoo ya kudekia. Mijusi na sisimizi hupenda joto lake. Kabati lifungwe kwa wavu.

Waya nao

Swichi nzuri kwenye waya mbaya ni kazi bure. Madukani kuna waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu, na kwa macho unafanana na wa shaba tupu. Hupoteza umeme zaidi, hupata joto ukibebeshwa PoE, na hukatika ukikunjwa. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukionekana mweupe ndani, ni alumini. Boksi lake pia ni jepesi. Andikeni "shaba tupu" kwenye oda, na mkwaruze kabla ya kupokea mzigo.

Siku ya kukabidhiwa

Kama swichi ina nywila, ile ya kiwandani ibadilishwe siku hiyohiyo, na mpya iandikwe, iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kasha la fedha la ofisi. Nywila isiyojulikana na mwingine ila fundi inamaanisha kwamba yeye ndiye mwenye mtandao. Kila waya uwekewe namba ncha zote mbili, na karatasi ya orodha ibandikwe ndani ya mlango wa kabati. Risiti na dhamana zibaki kwenye faili la chama, si mfukoni mwa aliyetumwa kununua.

Kisha zimeni umeme mkuu kwa dakika tano na kuuwasha, muone kama kila kitu kinarudi bila fundi kugusa chochote. Chukueni waya mfupi, mwambieni fundi atengeneze kitanzi mbele yenu, muone kama kinga aliyoitaja ipo. Kama kuna kamera, sehemu ya malipo ibaki mpaka mjumbe mmoja aende ofisini saa mbili usiku na kuziona zote zikiwaka.